Jerusa na Wanawake Wasiolia

Nesi yeyote mpya aliyepangiwa zahanati ile ya shamba la chai, upande wa Kapsoit, aligundua siku ya kwanza kwamba Sista Jerusa si mtu wa maneno mengi. Hakumwonyesha kabati la dawa wala hakumwuliza alisomea wapi. Alimshika kifundo cha mkono kama anayemvusha mtoto barabara, akampeleka mpaka kitandani kwa mama mwenye uchungu, akaulaza ule mkono juu ya tumbo, karibu na mbavu, kisha akasema, "Ngoja." Basi. Walisimama hapo wote wawili mpaka miguu ikafa ganzi. Nesi akijaribu kutupia jicho saa ya ukutani, Jerusa alimgeuza kichwa taratibu. "Saa haizai," alimwambia.

Watu walimcheka. Kuna waliosema uzee unabisha hodi mapema, na kuna waliosema, maana mdomo haukosi la kusema, kwamba ni uganga aliotoka nao ziwani. Haukuwa uganga. Yalikuwa majuto, na majuto yale yalikuwa na jina la mtu: Priscah Chepkurui.

Jerusa aliletwa Kericho angali mtoto wa kubebwa. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchochea boila ya kiwanda cha chai, akaileta jamaa yake kambini, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambazo ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Mama wa nyumba ya tatu akishikwa na uchungu, kambi nzima ilijua. Wanawake wa kwao walilia, wakamwita mama, wakamwita Mungu, wakamtukana mume kwa ukoo wake wote, na hakuna aliyewalaumu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mzazi ana haki ya kuutangaza. Kwa hiyo Jerusa alikua akijua kwamba uzazi una sauti, na aliposomea ukunga akarudi kufanya kazi pale pale alipokulia, alirudi na masikio yale yale.

Priscah ndiye aliyemvunjia masikio hayo. Alikuwa mke wa Johana Kipyegon, mkulima mwenye kishamba cha chai na ng'ombe wawili nje kidogo ya ua wa shamba kubwa. Alikuja na mimba yake ya kwanza, kwa miguu, akakaa kwenye kitanda, akakaza leso kiunoni. Jerusa alimwuliza kama anaumwa. "Kidogo," akajibu. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri foleni ya kupima majani. Jerusa akaona kuna muda, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi na kikombe mkononi, mtoto wa kiume alikuwa amelala kwenye leso, na Priscah alikuwa anamtazama kana kwamba anauliza, sasa tufanye nini?

"Mbona hukuniita?" Jerusa alisema.

"Ningeita aje, Sista? Kwetu mtu mzima halii."

Ndivyo Jerusa alivyojifunza. Kwa Wakipsigis, msichana aliyevuka kuingia utu uzima alifundishwa kwamba maumivu hubebwa ndani. Anayepiga kelele kitandani humwaibisha mama yake na marika yake, na wenzake watamkumbusha mpaka awe na wajukuu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na Jerusa akaanza kuutafuta mshindo huo kwa kiganja. Akaacha kuuliza "unaumwa?" na akaweka mkono. Kiganja kilimwambia uchungu unapoanza juu kwenye mbavu, unavyoteremka, unavyokaa, na unavyoachia. Watoto wanne wa Priscah walizaliwa chini ya mkono ule, ukimhesabu yule wa kwanza aliyeuwahi.

Wakawa marafiki. Kila asubuhi Priscah alileta maziwa mlangoni kwa Jerusa, na hata mwaka ule wa vurugu za kikabila, majirani walipoanza kuogopana na watu wa ziwani wakalala na mizigo imefungwa, maziwa hayakukatika. Yalipitishwa njia ya nyuma, chini ya shali. Hawakulizungumzia jambo hilo. Jerusa alimpenda yule mwanamke kuliko dada zake wa tumbo moja, na hakuona aibu kusema hivyo.

Mwaka 1994 aliitwa kozi ya wakunga mjini Kericho. Mwalimu alikuwa mama wa Kikisii, Bi Kebaso, mnene, mwenye chaki kila mahali hadi kwenye nyusi. Alichora mji wa mimba ubaoni, akawauliza, "Nani anaanzisha uchungu?" Wakatazamana. Mmoja akasema ubongo. Mwingine akasema mtoto. Bi Kebaso akatikisa kichwa.

"Moyo una mahali pake pa kuanzia," alisema. "Pigo linatoka hapo, sehemu nyingine zinafuata. Mji wa mimba hauna mahali hapo. Hauna chifu, hauna nyapara."

Akawaeleza kwamba msuli ule umeundwa kwa seli nyembamba zisizohesabika, na kila seli ina kalsiamu iliyowekwa akiba ndani yake. Kalsiamu hiyo ikifunguliwa, na nyingine ikaingia kutoka nje, seli hukaza. Ikirudishwa ghalani, seli hulegea. Kisha huanza tena, kila moja kwa mwendo wake. Miezi yote ya mimba seli hukaza hivyo vikundi vikundi, hapa na pale, ndiyo maana tumbo hukakamaa kidogo likaachia bila neno. Lakini siku zikikaribia, seli jirani hutengeneza vilango kati yao, maelfu kwa maelfu. Habari ya kukaza hupita mlango hadi mlango. Kalsiamu hupanda kwa huyu na kwa jirani yake karibu kwa pamoja, na msuli mzima hukaza kama mtu mmoja. Halafu wote huachia, na mtoto hupata pumzi. "Kuachia nako ni kazi," Bi Kebaso alisema. "Usipoachia, mtoto anakufa. Na mtoto akishatoka, nguvu ile ile ndiyo inaminya mishipa pale kondo lilipobanduka. Seli zisipoelewana hapo, mama anaisha mkimwangalia."

Wengine waliandika. Jerusa hakuandika, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona kitu anachokijua: wachuma chai mlimani. Mama mmoja wa mstari wa juu huanza wimbo, jirani anaudaka, wa tatu anaudaka, na nyapara hajageuka kilima kizima kinaimba, wala huwezi kusema nani alianza. Wakiwa mbali mbali, kila mmoja huguna wake na wimbo haupo. Kesho yake alimsimulia Priscah mlangoni, maziwa yakiwa katikati yao.

"Sasa tumbo yangu iko na kwaya?" Priscah alicheka mpaka akashika mlango.

"Iko na kwaya. Ni mwalimu wa kuiongoza tu haina."

Mwaka uliofuata Priscah akashika mimba ya tano. Mwaka huo huo akaletwa zahanati nesi kijana, Jentrix, mzaliwa wa ziwani, miezi michache tu kutoka chuoni. Ninyi mnaotafuta mtu wa kumtupia mawe, ngojeni kwanza. Alikuwa binti mwenye bidii, aliyepiga pasi hata kofia, na aliyeshinda na wagonjwa kuliko alivyoshinda na wenzake. Jerusa alimfundisha kupanga dawa, kupima presha, kukabiliana na karani wa shamba. Jambo moja hakumfundisha, kwa sababu alidhani kila mtu analijua.

Siku yenyewe ilikuwa Machi ya mwaka uliofuata, mvua za masika zimeanza. Jerusa aliondoka asubuhi kwenda mjini kuchukua chanjo za watoto. Nyuma yake Priscah akaingia, akakaa, akakaza leso. Jentrix akamwuliza kama anaumwa. "Kidogo." Akamtazama usoni, akasikiliza, hakusikia kitu. Kwao mama wa hivyo bado yuko mbali sana. Akaandika kwamba uchungu ni dhaifu, akatundika dripu yenye dawa ya kuuongeza. Baada ya muda akarudi, kimya. Akaifungua dripu zaidi. Akarudi tena, kimya, jasho tu kwenye paji la uso. Akaifungua tena. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya Jentrix ilikuwa ya kutaka kusaidia, ambayo hakuna wa kuikemea mpaka imeshaharibu.

Jerusa alifika mchana, mvua ikimchuruzika. Hata boksi la chanjo hakuliweka chini vizuri, akaweka mkono. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Akangoja liachie. Halikuachia. Akangoja tena, na kwaya yote ilikuwa imeshikilia noti moja na hakuna anayevuta pumzi. Akaifunga dripu.

"Nani alikwambia uchungu ni dhaifu?"

"Sista, hajalia hata mara moja," Jentrix alisema, na alisema kweli.

Jerusa alifungua kinywa amkaripie, akakuta karipio linarudi kwake mwenyewe. Miezi yote ile ulikuwepo mlango wa kumpitishia msichana aliyesimama ubavuni mwake neno dogo namna hiyo, kwamba wanawake wa hapa hawalii, na hakuufungua.

Tumbo lilianza kuachia, na mtoto akazaliwa muda si mrefu: msichana, mwekundu, mwenye kulia kwa niaba ya mama yake na ukoo mzima. Kondo likatoka. Jerusa akasema asante kwa Mungu wake, lakini hakuuondoa mkono, na chini ya mkono akausikia mji wa mimba ukilegea, laini kama unga uliozidi maji. Kisha damu ikaja.

Alimdunga dawa ya kukaza. Msuli ukakaza hapa, ukaachia; ukakaza pale, ukaachia. Ulikuwa umesukumwa kutwa nzima bila kupumzika, na sasa ulikuwa umechoka na haukusikia amri tena. Seli zilikuwa hai, kila moja na lake, lakini umoja haukuwepo. Jerusa akaubana mji wa mimba kati ya mikono yake miwili, mmoja ndani, mmoja juu ya tumbo, akamwambia Jentrix atafute gari.

Landrova ya shamba ilikuwa karakanani. Kilichokuwepo ni trekta la Isaiah, dereva wa shamba, lililosimama kwenye banda la kupimia majani na trela limejaa chai mbichi. Wakamlaza Priscah juu ya majani, wakavuta turubai. Jentrix ilibidi abaki, kulikuwa na mama mwingine wodini. Alibaki mlangoni analia. Johana Kipyegon alikuwa nje karibu na ua, mahali wanapokaa waume wa huko. Kwao baba hakaribii kitanda cha uzazi, na mtoto mchanga hamshiki. Mikono ya mwanamume ni mizito kwa kiumbe kichanga, wazee walisema, na macho yake pia. Wale wanne wa kwanza Johana aliwashika walipokwisha kutembea.

"Baba Kibet, panda," Jerusa alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Shika mtoto, umwekee mama yake kwa titi."

Johana akapanda, lakini mikono yake akaificha nyuma. "Hiyo hapana, Sista. Mimi kushika mtoto mdogo, si nzuri kwa yeye. Si nzuri kwa mama."

"Mtoto akinyonya, mwili wa mama unatoa dawa yake mwenyewe ya kukaza tumbo. Hakuna mtu mwingine hapa. Na mikono yangu unaona mahali iko."

Aliona. Aligeuza macho haraka. Trekta likaanza kwenda, likiyumba kwenye tope, na yule mtu akabaki amepiga magoti juu ya chai, midomo ikimcheza, akipima mambo mawili ambayo hakuna mizani inayoyaweza. Priscah ndiye aliyesema. Alisema kwa Kikipsigis, neno moja, mchukue. Johana akajifuta mikono kwenye koti lake, kwanza viganja, kisha migongo ya mikono, akamchukua binti yake.

Hakujua kushika. Kichwa kilimponyoka, Jerusa akamwelekeza kwa kidevu: hapo shingoni, hivyo, juu kidogo. Mtoto akatafuta, akapata, akaanza kunyonya. Jerusa akangoja. Kwanza ilikuja ncha moja ngumu upande wa kushoto, ikapotea. Ikaja nyingine kulia. Kisha jirani zake. Kisha zikaanza kuitikiana, hii na ile, na polepole mji wa mimba ukajikusanya chini ya kiganja chake, ukawa mviringo, ukawa mgumu, ukakaa. Ukaachia kidogo, ukaja tena, wote pamoja. Damu ikapungua. Damu ikakoma.

"Imekaza," alisema, machozi yakimtoka bila ruhusa.

"Nini imekaza?"

"Tumbo, Baba Kibet. Usimtoe mtoto. Priscah, lia, nijue uko na mimi. Leo lia tu."

"Niko, Sista," Priscah alisema. "Nasikia tu baridi."

Johana alivua koti akamfunika, mkono mmoja ukiwa bado shingoni mwa mtoto. Isaiah aliendesha trekta lile kuliko lilivyoumbwa kwenda. Kabla ya kufika lami Priscah alisema tena yuko. Kwenye lango la hospitali Jerusa alimwita, hakujibu.

Daktari alifanya yake. Damu ya kundi la Priscah haikuwepo siku ile, na wachuma chai waliokimbia kuja kutoa yao walifika jua linazama, amekwisha kufariki. Alikuwa ameshapoteza nyingi mno kabla msuli haujakubaliana. Wakamwambia Jerusa atoe mkono. Chini ya kiganja mji wa mimba ulikuwa bado mgumu, umefunga kila mshipa, unalinda nyumba ambayo mwenyewe ameshahama. Akatoka nje, akaegemea ukuta, akalia kama wanavyolia kwao, kwa sauti, mpaka watu wakatokea madirishani.

Kabla ya mazishi maneno yalikwisha kutembea. Jerusa alikijua Kikipsigis vya kutosha kuyasikia. Johana alimshika mtoto mchanga. Alimshika, na kabla ya jua kuzama mama akafa. Mnataka ushahidi gani tena? Na pale zahanati mkubwa mmoja wa shamba alimwambia Jerusa, kwa upole kabisa, kwamba hospitali imeandika ni kutokwa na damu, hakuna aliyeuliza habari za dripu, Jentrix ni mtoto wa watu, na maneno ya mila ni ya wenye mila. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Kosa la zahanati lilikuwa limeshapata mtu wa kulibeba, na mtu mwenyewe hakuwa anakataa. Hata mimi ninayesimulia, nikiukumbuka urahisi ule, hasira hunipanda mpaka leo.

Jerusa alikwenda mazishini na Jentrix. Johana alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya paa la ghala la mahindi, peke yake, watu wamemwachia nafasi kubwa kuliko ya heshima. Mtoto alikuwa kwenye mapaja yake. Wanawake watu wazima walikwisha kuomba wampokee, akakataa. Alisema madhara yakishatokea hayana haja ya kuogopwa tena. Jerusa akaketi kando yake.

Kisha Johana akauliza, macho chini, "Sista. Ni mimi?"

Wazee walikuwa hatua chache tu. Jentrix alikuwa amesimama ubavuni mwa Jerusa.

"Si wewe," Jerusa alisema, na hakupunguza sauti. Akalisema kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kikipsigis chake kibovu ili asibaki mtu wa kusingizia hakuelewa. "Kosa ni letu. Alikuja kwetu na uchungu mkali, na kwa sababu hakulia tukadhani hana. Tukamwongezea dawa mpaka tumbo ikachoka. Huyu msichana hakujua nyinyi hamlii. Mimi nilijua, na sikumwambia. Wewe ulipomshikisha mtoto titi, tumbo ilikaza na damu ikasimama. Nilisikia na mkono wangu. Ni wewe ulisimamisha damu, Baba Kibet. Sisi tulikuwa tumeshaimwaga."

Mzee mmoja alikohoa. Jerusa alijua kazi yake huenda imeishia pale, na alijua pia kwamba Johana ana haki ya kumfukuza, na angemfukuza angekwenda.

Johana alimtazama mtoto mapajani. Uso wake ulikuwa umetulia, mkavu, ule ule wa Priscah siku ya kikombe cha chai, na mtu wa mbali angedhani hakusikia. Jerusa aliinua mkono, akauweka mgongoni mwake, katikati ya mabega, akangoja. Chini ya lile koti, ambalo lilikuwa bado na harufu ya majani mabichi, mgongo ulikaza, ukakaa, ukaachia. Ukakaza tena. Hapakuwa na sauti yoyote. Alimshika Jentrix kifundo cha mkono kwa mkono wake wa pili, asiondoke, na wakakaa hivyo mpaka mtoto alipoamka akataka maziwa.